Friza Haina Macho

Ukimpelekea kitu akuwekee, alikuwa na swali moja tu.

"Chanuka?"

Ukisema chanuka, kilikwenda chini kabisa, chini ya gunia lililofuliwa, pamoja na papa na vichwa vya samaki vya watu wengine. Ukisema hakinuki, kilikaa juu, karibu na barafu za kuuza. Zaidi ya hapo hakutaka kujua. Hakupapasa kifurushi, hakukipima kwa mkono, hakukutazama usoni kuona kama umebabaika. Alikiweka, akafunika, akarudi mkekani kuendelea na shughuli yake, ambayo mara nyingi ilikuwa ni kulalamikia magoti.

Mtaa mzima tulimwita Bibi wa Friza. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa zuri sana, lakini hata wajukuu zake walikuwa wamelisahau. Miaka ile ya themanini friza za majumbani pale Malindi zilikuwa za kuhesabu, na mtaani kwetu ilikuwa hiyo moja. Wataliano walikuwa wameanza kujaa ufuoni, hoteli zikifunguliwa na kufungwa, na mojawapo ya zilizofungwa ndiyo iliyouza vyombo vyake. Friza ikaletwa kwa mkokoteni, ikagoma mlangoni. Wanaume wakang'oa fremu, wakaiingiza, wakairudisha fremu kombo, na mlango ule haukufunga sawasawa tena. Bibi alisema ni afadhali, watu wasimchoshe kwa hodi.

Akaishonea kitambaa cha maua, akaiweka ukumbini mahali ambapo wengine huweka kabati la vyombo vya wageni. Ndani ya friza ile mlikaa maisha yetu: nyama ya akika, nguru wa harusi, nazi zilizokunwa, maziwa ya mtoto wa fulani, dawa ya macho ya fulani. Hakuna kilichoandikwa jina. Bibi alikijua kila kifurushi kwa mkono uliokileta, na kwa miaka yote hiyo sikusikia mtu amerudishiwa cha mwenzake.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe baridi haiwezi. Maji ya barafu hakuyaonja, alisema yanakata kifua. Kabla ya kufunua friza alivaa sweta la marehemu mumewe, la sufu, lenye vifungo vitatu vya rangi tatu, akajifunga kanga kichwani, akavuta pumzi. Jua la Malindi liko nje linakaanga mabati, yeye yuko ukumbini amejifunika kama anakwenda Limuru. Akishafunga alilivua, akalitundika msumarini, akaomba kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa mwanamke aliyeishi kwa kuuza barafu, hilo lilinishangaza kila siku.

La pili lililonishangaza ni mdomo wake. Mambo yake mwenyewe hayakukaa ndani hata kwa dakika. Ukipita dirishani tu ungesikia alivyolala, alivyokula, choo kilivyomkatalia, na jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma hata paka akahama nyumba. Alikuwa akitueleza magomvi yake ya ndoa kwa sauti ya kusikika msikitini. Tulimkanya, akasema ni mambo yake na atayatangaza apendavyo. Lakini ya watu wengine hukuyapata kwake. Ungekuja na kahawa, ungekuja na halua, ungekuja na machozi, ungeondoka na barafu.

Palikuwa na fundi seremala mmoja ambaye kila Jumatano aliweka paketi mbili za nyama. Moja aliijia mkewe. Ya pili aliijia mwenyewe kesho yake, akapanda nayo gari la Gede. Siku moja mke akaja, nami nilikuwapo nikisubiri zamu yangu.

"Bibi, mume wangu huweka nini humu?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Friza haina macho, mwanangu."

"Lakini wewe unayo."

"Yangu ni ya kutazamia njia. Wataka barafu ya ngapi?"

Baadaye sote tulipata habari za mke wa Gede, lakini si kwa Bibi. Mimi nilimwona ana makosa. Ningekuwa mimi ningemvuta yule mwanamke pembeni nikamwambia fuata gari la Alhamisi, na sijui kama hata leo nimebadili maoni.

Stima ikikatika, na ilikuwa ikikatika, alifunika friza kwa mablanketi, akapanda, akakaa juu yake. Hapo hakuna wa kufunua, hata aje nani. Alikaa na tasbihi, miguu inaning'inia haifiki chini, akisema barafu ikiachwa peke yake hujitunza. Watu walikuja kumwamkia pale juu, naye akaitikia marahaba, marahaba, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha harusi. Sote tuliamini kwamba friza ile haitatutupa maadamu yeye yuko juu yake.

Sasa nieleze habari ya chupa.

Katana alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya ufuoni. Kwao ni Tezo, upande wa Kilifi, lakini alipanga chumba mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka yetu. Mkristo, mpole, shati lake limenyooshwa siku zote, na akipita barazani huamkia kila mtu hata paka. Alikuwa amependa msichana wa huko kwao. Baba wa msichana alikuwa mzee mgumu, mwenye minazi yake na maneno yake, ambaye alishawarudisha wachumba wawili kwa sababu walimwamkia kwa haraka. Kwa desturi yao, mposaji hupeleka mtungi wa tembo la mnazi uitwao kadzama, na wazee hawaugusi mpaka msichana mwenyewe aulizwe kama unywewe. Akisema unywewe, amekubali. Huo mtungi Katana alikuwa ameshauagiza kwa mgema. Lakini alitaka na cha kumlainisha mzee, na wageni fulani wa Kitaliano, siku ya kuondoka, walikuwa wamemwachia chupa ya mvinyo mwekundu haijafunguliwa.

Katana alikuwa akisikia wageni mezani wakitaka mvinyo uje baridi. Ni mvinyo upi na baridi kiasi gani, hakupata kuuliza. Akaona kama baridi ni heshima, baridi kubwa ni heshima kubwa. Alhamisi jioni, tukiwa katikati ya mfungo wa Ramadhani, akaviringisha chupa kwa magazeti, akenda kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi. Naomba uniwekee hiki mpaka kesho."

"Marahaba. Chanuka?"

"La, hakinuki."

Wala hakusema uongo, kizibo kilikuwa kimekazwa. Bibi akavaa sweta, akakilaza juu kabisa, juu ya barafu za watu za kufuturia.

Maji yakiganda hutaka nafasi, na ndani ya chupa nafasi haipo. Usiku kucha mvinyo ulivimba, ukasukuma kizibo kidogo kidogo mpaka kikatoka. Ijumaa alasiri nilikuwa wa kwanza kufika na bakuli langu. Bibi akafunua, na harufu ikatupanda sote wawili, chachu, nzito, ya kitu kitamu kilichokasirika. Mifuko ya barafu ilikuwa imepakwa wekundu uliogandana nayo. Katikati chupa imelala, magazeti yamechanika, na mdomoni mwake limechomoza donge jekundu urefu wa kidole.

Bibi alitazama kitambo. Kisha akasema taratibu, "Audhu billahi," akafunga.

"Ya nani hii, Bibi?" nikamuuliza.

"Ya mwenyewe. Leo hakuna barafu. Nenda nyumbani."

Aliitoa chupa kwa gunia, akaiweka uani kivulini, bado imeganda. Katana alipokuja saa moja kabla ya magharibi, akiwa na haraka ya gari la Kilifi, alimwambia tu, "Kitu chako kiko uani, kichukue mwenyewe," akageuka upande. Hakumwambia kilichotokea. Katana naye aliona kizibo kimetoka na chupa imepungua, akadhani ndivyo mvinyo ufanyavyo ukipoa, akaifunga guniani akaondoka. Alikuwa amepewa likizo ya siku kadhaa.

Bibi alivaa buibui, yeye ambaye baada ya alasiri hatoki, akazunguka nyumba moja moja na magoti yake yale. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "Katika friza yangu umemwagika mvinyo. Barafu nimeimwaga yote. Nyama na samaki vilikuwa vimefungwa, mwalimu wa madrasa asema vioshwe vizuri. Asiyetaka chake, nitamlipa kingine."

Na kila mlango walimuuliza swali lilelile. Ya nani?

"Kilichogusa chako ni haki yako kukijua," alijibu. "Aliyekiweka si haki yako."

Mwaonaje, mtaa wa watu waliofunga, koo kavu, maji ya vuguvugu ya kufuturia, wataliacha swali hilo lilale? Watu walianza kuhesabu nani yuko karibu na Wataliano. Katana alikuwa hayupo machoni, na aliyekuwa machoni ni mume wangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa gari la watalii. Kutwa yuko nao, Watamu, magofu ya Gede, na Kikambala mara mojamoja. Hajapata kuonja tone, nami niliyelala naye miaka yote hiyo naweza kuapa. Lakini baraza yetu ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote, na kila Ramadhani wanaume wa mtaa walifuturia hapo, kila nyumba ikileta sinia lake. Jumamosi masinia mawili hayakuja. Jumapili hayakuja sita. Hakuna aliyesema neno, mmoja alikuwa na mgeni, mwingine tumbo linamsumbua. Jumatatu mume wangu alikaa kwenye mkeka ule mrefu na ndugu yake tu, wakala tambi kimya, na mimi nikiwatazama dirishani nilitokwa na machozi ya hasira.

Jumanne nilikwenda kwa Bibi nikasahau hata kuamkia.

"Waambie si yake."

"Keti kwanza."

"Siketi. Wewe wajua si yake. Waambie neno hilo moja, hutamtaja mtu."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinikera zaidi. "Nikisema si yake, kesho atakuja mke wa fulani, naye nimwambie si ya mumewe. Kesho kutwa mwingine. Wataniondolea mmoja mmoja mpaka abaki mwenyewe peke yake, nami nitakuwa nimemtaja."

"Na atajwe! Ametuponza!"

"Aliweka kwangu, hakunipa."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, mojawapo likiwa linahusu friza na mahali pa kuitia. Sikumwamkia tena mfungo ule uliobaki.

Jioni ile ile, adhana ikikaribia, tukamwona Bibi anatoka kwenye ule mlango wake wa kombo. Kichwani ana sinia. Kwa kawaida sinia la nyumba yake aliletewa na mjukuu, lakini siku hiyo alilichukua mwenyewe, polepole, katikati ya njia, kila dirisha linamwona. Akaja mpaka kwenye mkeka wetu, akalitua mbele ya mume wangu. Akalifunua: mkate wa sinia, sambusa, viazi vya nazi. Akamwambia kwa sauti yake ile ya kusikika msikitini, "Futuru, mwanangu. Mungu akukubalie funga yako." Akarudi kwake.

Mimi kwa hasira sikuona kitu ila mwanamke mkaidi aliyeleta viazi. Wenzangu waliona zaidi. Kesho yake masinia matatu yalirudi.

Siku ya pili yake Katana akarejea kutoka Tezo. Sijui alisikia wapi, labda alipokuwa akinunua sabuni, lakini jioni, wanaume wakiwa wameshatia tende mdomoni, alikuja akasimama ukingoni mwa mkeka, viatu mkononi.

"Wazee wangu," akasema, "ile chupa ilikuwa yangu. Dereva hana habari nayo. Mimi nilimwambia Bibi hakinuki."

Mzee mmoja akatema kokwa. "Na sasa iko wapi?"

"Ameinywa mkwe wangu."

"Akasemaje?"

Hapo Katana akapaswa kusimulia, na namna alivyosimulia ndiyo iliyomwokoa. Alifika Tezo jioni. Mnazi wa posa ulikuwa wa kesho, lakini mzee aliposikia kuna tembo la Wataliano hakukubali lilale. Ndani ya chupa donge lilikuwa limeanza kuyeyuka. Kikombe cha kwanza kilitoka kidogo, cheusi, kizito. Mzee akakipiga, akashika mti. Akasema hawa watu wana nguvu, sasa naelewa walivyofika huku kwetu. Akapiga cha pili, akamwita Katana mwanangu, akambariki yeye na watoto watakaozaliwa. Wakasubiri donge liyeyuke. Kikombe cha tatu kikawa chepesi. Cha nne kilikuwa maji yaliyosuuzia kikombe. Mwisho mzee akahisi punje kwenye meno, akazitema kiganjani, zinang'aa, akauliza kwa nini wametia mchanga wa kwao.

"Nimemuuliza baamedi wetu leo," Katana akasema. "Alicheka mpaka akakaa chini. Ati maji ndiyo hutangulia kuganda, ulevi wabaki nyuma. Yakianza kuyeyuka, ulevi ndio watangulia kutoka. Mzee alikunywa chupa nzima katika vikombe viwili, kisha akanywa barafu. Na zile punje ni za zabibu zenyewe, baridi huzitoa. Hazidhuru."

Wanaume walikuwa wanajizuia kwa ajili ya mfungo, lakini mume wangu alikuwa wa kwanza kushindwa. Akacheka akapaliwa na tende. Kisha wote.

"Na posa?" akauliza akifuta macho.

"Kesho yake mzee akasema chupa yangu ni ya kigeugeu, yaanza na baraka yaishia na maji, hataki mkwe wa namna hiyo. Lakini mtungi ulikuwa umeshafika. Msichana akaulizwa. Akasema unywewe."

Mume wangu akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja. "Weka viatu chini. Kaa ule."

Asubuhi nilimpelekea Bibi habari, nikiwa bado nimenuna, maana kununa kuna raha yake na sikuwa tayari kuacha. Nikasimama mlangoni. "Katana amesema mbele ya watu kwamba chupa ilikuwa yake."

"Haya," akasema. "Kama amesema."

"Kwa hiyo ilikuwa yake?"

Akavaa sweta, akafunua, akanipa barafu yangu.

Tulihamia Kikambala muda si mrefu baadaye, mume wangu alipopata kazi ya hoteli huko. Ilinichukua miaka kurudi Malindi kwa ziara ya maana. Muongo ulikuwa unakwisha. Katika kila nyumba tatu, moja sasa ilikuwa na friji, na watoto walinyonya barafu za rangi za dukani. Mlango wa Bibi bado ulikuwa kombo. Nikaingia bila hodi.

Alikuwa ameketi juu ya friza, miguu inaning'inia. Mota ilikuwa imekufa zamani, na friza yenyewe haina waya, imejaa kanga na mablanketi. Macho yake yalikuwa yamefifia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Wewe ndiwe uliyeninunia mfungo mzima."

"Nilikuwa na haki."

"Ulikuwa nayo," akasema, na akanieleza kwa kirefu habari za magoti, tumbo, na meno yaliyobaki na yako upande gani. Nikamwambia Katana ana watoto watatu sasa, na yule mkwe mgumu humtania kila sikukuu, humuuliza uko wapi mchanga. Bibi akacheka. Nikaona ndipo pa kumpata.

"Sasa nambie, Bibi. Ile chupa ilikuwa ya Katana?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, mbele ya watu wote."

"Basi muulize yeye."

Sikuwa nimesafiri kutoka Kikambala kwa ajili ya chupa. Nilikuwa na jambo nililolibeba miezi, ambalo sikumwambia mume wangu wala dada yangu, na nilipokuwa nikitafuta kichwani mtu wa kumwambia, kati ya watu wote niliowajua tangu Malindi mpaka Mombasa, nilimwona mmoja tu, amekaa juu ya friza na tasbihi yake. Yule niliyemlilia aseme neno moja akakataa.

"Bibi," nikasema, "nina jambo."

Hakugeuka. Aliacha kuvuta tasbihi.

"Lanuka?"

Nikacheka, kisha cheko likanigeukia. "Lanuka, Bibi."

"Basi tuliweke chini kabisa."

Akasogea, nikapanda nikakaa karibu naye juu ya kile kitambaa cha maua, nami miguu yangu haikufika chini. Nikamweleza yote mpaka adhana ya magharibi. Ni lipi, wewe usiniulize. Yeye hakuniuliza hata swali moja. Nilipomaliza alinipangusa uso kwa upindo wa kanga yake, kisha akataka nimkande magoti.